Kupunguza uzito wa pikapu ya rimoti: gramu ipi itoke, ipi ibaki

Chukua drili, toboa matundu thelathini ya milimita 10 kwenye chasi ya nailoni yenye unene wa milimita 3, kisha kusanya ungaunga wote uliotoka uuweke kwenye mizani ya jikoni. Utasoma gramu 8. Kila tundu limetoa robo gramu na ushei, basi. Ukiipeleka pikapu hiyo kwenye uwanja wenye tope mara moja tu, itarudi na udongo mzito kuliko huo umeganda chini ya tumbo, tena sasa udongo una milango thelathini ya kuingilia kwenye gia na nyaya. Hata hivyo drili ndiyo wazo la kwanza linalowajia wengi wanaotaka gari la rimoti liwe jepesi.

Kosa linaanzia kwenye mizani. Mizani inatoa namba moja, lakini pikapu ikiwa mbioni haiuhisi uzito kama namba moja. Gramu iliyo kwenye ukingo wa tairi, iliyo kwenye sakafu ya chasi na iliyo juu ya paa la bodi (ganda la juu la gari) zina tabia tatu tofauti, na kuna mahali ambapo ukitoa uzito gari linakuwa baya zaidi. Kabla ya kushika bisibisi, inafaa kujua kila gramu inalifanyia nini gari.

Tutumie mfano mmoja ambao wenye mchezo huu karibu wote wanaufahamu. Mwaka 2008 kampuni ya Traxxas ya Texas, Marekani, ilitoa Slash, pikapu ya kipimo cha moja kwa kumi iliyoiga magari ya mbio fupi za vumbi za huko kwao. Ile ya kawaida, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma na kutumia mota ya brashi (yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ina takribani kilo 2.2 bila betri. Weka betri ya zamani ya seli saba za NiMH (seli za nikeli za kuchaji), ambazo kila moja ina gramu 55 hadi 60, na unafika kilo 2.6. Hiyo ndiyo tutakayoipunguza.

Uzito unaozunguka

Kuongeza mwendo maana yake ni kuupa uzito nishati. Kitu kinachosafiri tu kwenda mbele hudai nishati mara moja. Tairi hudai mara mbili, kwa kuwa linasafiri pamoja na gari na wakati huohuo linajizungusha. Kwa uzito ulio kwenye ukingo kabisa, pale penye meno ya tairi, madai hayo mawili yanalingana, kwa hiyo gramu 1 ya pale ni sawa na gramu 2 zilizolala kwenye chasi. Ukisogea kuelekea katikati, ile ziada hupungua kwa mraba wa umbali. Gramu iliyo nusu ya njia kati ya ekseli na ukingo huhesabika kama gramu moja na robo, na ile iliyo kwenye ekseli yenyewe ni kama gramu moja tu.

Hesabu hiyo inaondoa mashaka mengi. Kuna watu wanauziwa shafti nyepesi za kupeleka nguvu magurudumuni kwa ahadi kwamba gari "litafyatuka". Shafti ina nusu kipenyo cha milimita 3 hivi, na tairi la Slash lina nusu kipenyo cha milimita 55. Ziada ya mzunguko kwenye shafti haifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Shafti nyepesi ni nzuri kwa sababu nyingine tutakayoifikia, lakini si kwa hiyo.

Mahali ambapo mzunguko unauma kweli, na ambapo watu hawatazami, ni ndani ya mota. Slash ya kawaida ina uwiano wa gia wa takribani 12 kwa 1, yaani mota huzunguka mara 12 tairi likizunguka mara moja. Madai ya nishati yanakwenda kwa mraba wa uwiano huo, na mraba wa 12 ni 144. Sasa chukua amecha ya mota ya brashi ya ukubwa wa 550, ule mviringo wa chuma na waya wa shaba unaozunguka ndani, tuikadirie gramu 80 na kipenyo cha milimita 23. Ukipiga hesabu, wakati wa kuondoka amecha hiyo inalilemea gari kama vile umepakia gramu 250 za ziada kwenye chasi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mota isiyo na brashi ya ukubwa wa 540, ambayo kinachozunguka ndani ni sumaku nyembamba ya milimita 12.5 yenye gramu 30 hivi. Mzigo wa ziada haufiki hata gramu 30. Watu wanapobadilisha mota na kusema gari limechangamka, sehemu ya uchangamfu huo ni nguvu, lakini sehemu nyingine ni zaidi ya gramu 200 zilizotoweka, ambazo mizani ya jikoni haikuwahi kuziona.

Magurudumu sasa. Rimu, tairi na sponji ya ndani kwa pikapu ya aina hii tuvichukulie kuwa gramu 150 kwa kila gurudumu, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nje, karibu na ukingo. Ukipata seti yenye gramu 110, umeokoa gramu 160 kwa magurudumu manne, lakini gari linapoondoka na linapofunga breki litajihisi kama limepungua karibu 300. Ukiacha mota, hakuna kipande kingine cha pikapu kinacholipa namna hiyo. Tahadhari yake ni kwamba tairi jembamba likizungushwa kasi sana huvimba katikati na kuwa kama sahani, likagusa ardhi kwa mstari mwembamba. Mafundi wa mashindano hubandika utepe wa nyuzi kwa ndani ili kulizuia. Na sponji inywayo maji huharibu kila kitu. Pikapu iliyopita kwenye dimbwi hurudi na matairi yaliyolewa maji, tena maji hayo yamekaa kwenye ukingo hasa. Toboa matundu mawili madogo kwenye kila tairi, katikati ya meno, pande mbili zinazotazamana, na mzunguko wenyewe utayatupa nje. Hapo drili, au bora zaidi ncha ya pasi ya kulehemu, imepata kazi ya maana.

Uzito ambao springi haziubebi

Gari lina sehemu mbili. Kuna ile iliyokalia springi, yaani chasi, betri, mota, bodi, servo (mota ndogo inayogeuza usukani) na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti). Na kuna ile iliyo chini ya springi: magurudumu, habu (vishikio vya magurudumu), ekseli, beringi zake, na takribani nusu ya shafti, ya mikono ya sospensheni na ya shokapu. Gurudumu likigonga kigongo, sehemu ya chini hurushwa juu, na springi hutumia uzito wa sehemu ya juu kuirudisha ardhini. Sehemu ya juu ikiwa nzito ikilinganishwa na ya chini, chasi hutulia na gurudumu hurudi upesi. Sehemu ya chini ikiwa nzito, ndiyo inayolitikisa gari zima.

Hapa ndipo wanaokata chasi wanapojichongea. Katika pikapu yetu ya kilo 2.6, tuseme sehemu ya chini ni gramu 850: magurudumu 600, na 250 za habu na jamaa zake. Juu zinabaki gramu 1,750. Kila gramu 1 ya chini ina gramu 2 na kidogo za kuituliza. Toa gramu 300 zote kutoka juu, kwa kukata chasi na kuweka betri ndogo, na uwiano unashuka hadi 1.7. Gari limekuwa jepesi na limekuwa na mruko zaidi kwenye mabonde. Rudisha hizo 300, kisha toa zile 160 za magurudumu peke yake, na uwiano unapanda hadi 2.5. Gari la pili ni zito kuliko la kwanza kwa gramu 140, na kwenye uwanja wa mashimo mimi ningelichagua la pili bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo anza chini na uende juu. Anayeanza juu hana budi kufuatisha na chini, la sivyo atarudi nyumbani na gari linalorukaruka bila kujua kwa nini.

Na ndiyo maana nina ugomvi na vipuri vya alumini. Vinang'aa, vina rangi ya buluu au nyekundu, na huuzwa kama maboresho. Nailoni ina gramu 1.15 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, alumini ina 2.7. Ukiondoa habu na mikono ya nailoni ukaweka vya alumini vyenye umbo lilelile, umezidisha uzito wa vipande hivyo zaidi ya mara mbili, na umezidishia mahali pabaya kabisa, chini ya springi. Mtengenezaji anaweza kuvichonga na kuvitoboa vipungue, lakini mara chache hufika chini ya nailoni. Isitoshe, nailoni ikigonga ukuta hupinda na kurudi, ilhali alumini hupinda na kubaki hivyo, au haipindi kabisa na kuupitisha mshtuko kwa kipande kinachofuata, ambacho mara nyingi ni ghali zaidi. Yapo maeneo ninayoikubali alumini: chini ya mota, kwa sababu inaondoa joto, na kwenye mwili wa shokapu, kwa sababu pistoni inahitaji silinda iliyonyooka. Kwingine kote acha plastiki ya kiwandani ifanye kazi yake.

Kaboni faiba, yenye gramu 1.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, ni hadithi nyingine. Ni ngumu sana kwa uzito wake, kwa hiyo bamba jembamba linaweza kuchukua nafasi ya plastiki nene. Inafaa mahali palipo bapa, kama minara ya shokapu (vibao vinavyoshikilia shokapu kwa juu) na bamba la chasi la magari ya mashindano. Ukiikata mwenyewe, vaa barakoa na uikate ikiwa imelowa, maana vumbi lake halitakiwi mapafuni, tena linapitisha umeme na linaweza kuunguza saketi.

Betri na bodi

Kwa gramu nyingi kwa juhudi kidogo, hakuna kinachoishinda betri. Betri ya seli saba za NiMH ni gramu 400 au karibu na hapo. Lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli mbili iliyo fupi, yenye boksi gumu, ni gramu 200 hivi. Umetoa gramu 200 kwa kuchomoa plagi na kuchomeka nyingine. Gari linakula umeme kidogo zaidi, mota inapoa, na kwa kuwa lipo haishuki volti upesi inapobanwa, hata ile volti 7.4 iliyoandikwa haitakusikitisha ukilinganisha na 8.4 ya mwanzo. Sharti ni moja: kifaa kinachodhibiti umeme wa mota kiwe kinajua kuizima lipo kabla seli haijashuka chini ya volti 3. Kisipojua, betri itakufa baada ya kutumika mara chache, na lipo iliyokufa vibaya huvimba na inaweza kuwaka moto. Chaja nayo iwe ya lipo yenye kusawazisha seli, si ile ya zamani.

Kwa wasomaji walio Dar, Nairobi au Kigali, betri ndiyo kipuri kinachosumbua zaidi kuagiza. Tangu Aprili 2016 sheria za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Abiria lakini anaruhusiwa kubeba betri za akiba kwenye begi la mkononi, mradi kila moja isizidi saa-wati 100 na ncha zake zifunikwe zisigusane. Lipo ya seli mbili ya miliampea-saa 5,000 ina saa-wati 37 tu. Kwa hiyo ndugu anayerudi kutoka Dubai anaweza kukuletea, ila asiiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Betri iko chini, karibu na sakafu, kwa hiyo kuipunguza kuna upande wake wa pili: kitovu cha uzito kinapanda kidogo. Na Slash ni gari refu kwa kimo lenye tabia ya kubinuka kwenye kona zenye mshiko. Ndiyo sababu kazi ya betri iende pamoja na kazi ya bodi.

Bodi za pikapu hizi ni za polikaboneti, na ni kubwa. Gramu zake ziko juu kabisa, kwa hiyo kila moja inayotoka hushusha kitovu cha uzito na kusaidia kuzuia kubinuka. Bodi zinazouzwa zikiwa angavu bila rangi hutengenezwa kwa unene tofauti, na ya milimita 0.75 huokoa robo ya uzito wa ile ya milimita 1. Rangi nayo ina uzito. Tabaka moja jepesi kwa ndani linatosha, na kuzirundika rangi tatu juu ya nyingine ni kuongeza uzito huko huko juu. Tena bodi hizi zina ugonjwa unaojulikana na kila aliyerusha Slash kwenye mlima: hewa huingia chini ya pua, hujaa nyuma, na gari huinua kichwa angani kama limefunguliwa parachuti. Kata madirisha makubwa nyuma ya matao ya magurudumu na kwenye sehemu ya mwisho ya kisanduku cha mizigo, uache mbavu za kushikilia. Gramu zinazotoka ni chache, ila gari litaruka bapa, na hiyo ndiyo faida hasa. Viringisha pembe za kila tundu. Kona kali ndiyo mwanzo wa ufa.

Bampa ya nyuma ya kiwandani na vizuia-tope vyake ni plastiki nene inayoning'inia mbali na katikati. Vitoe. Uzito ulio mwisho wa gari hulifanya lisite kugeuka na lisite kuacha kugeuka, na bampa ya nyuma haikingi chochote unachokihitaji isipokuwa kama unaendesha karibu na watoto wa mtaani wenye magari yao. Ya mbele iache, maana ndiyo inayokutana na miti.

Skrubu nimeziacha mwisho makusudi. Watu hupenda kuanza nazo kwa sababu kazi yake ni rahisi na titani ina sifa. Tuseme gari lina skrubu 80 za chuma za gramu 0.9, jumla gramu 72. Za titani zitakuwa na gramu 40. Umeokoa gramu 32, zilizotawanyika gari zima, nyingi zikiwa sakafuni ambako hazikuwa na madhara, kwa fedha ambayo ingenunua seti nzuri ya matairi. Skrubu za alumini ni nyepesi zaidi na ni za bei rahisi zaidi, lakini kichwa chake huliwa na funguo mara ya pili au ya tatu. Ziweke panaposhikiliwa kitu kisichobeba mzigo, kamwe si kwenye mikono wala minara ya shokapu.

Gari likishakonda

Faida moja ya wepesi haitajwi mara nyingi: gari jepesi hujiumiza kidogo. Pikapu ya kilo 2.6 ikianguka kutoka mita 1 hufika chini na juli 25, ile ya kilo 2 hufika na juli 20 pungufu kidogo. Hiyo tofauti ndiyo inayovunja au kuacha kuvunja mkono wa mbele. Ila usitegemee spidi ya juu kuongezeka. Spidi ya juu inaamuliwa na mota, volti, gia na hewa. Wepesi unakufikisha huko mapema tu.

Wala usiogope kwamba gari jepesi halina mshiko. Mshiko hupungua pamoja na uzito, lakini kazi ya kulisukuma gari nayo imepungua kwa kiasi hichohicho. Kinachoweza kukuponza kwenye gari la kusukumwa nyuma ni mgawanyo. Ukitoa uzito mwingi nyuma kuliko mbele, magurudumu ya nyuma yatazunguka bure kwenye changarawe. Pima mizani kila upande: magurudumu ya nyuma juu ya mizani, ya mbele juu ya kitabu chenye kimo sawa nayo, kisha badilisha. Sehemu kubwa ya uzito inatakiwa isomeke nyuma, na kama betri yako mpya ni fupi na kitanda chake ni kirefu, isogeze nyuma na uijazie sponji mbele.

Wanaopanda mawe kwa magari ya rimoti hufanya kinyume kabisa upande wa chini. Hutoa kila wanachoweza juu, lakini hununua habu na rimu nzito za shaba ya manjano na kuziweka hasa mbele, kwa kuwa mwendo wao ni wa kinyonga na wanachotaka ni gari lisipinduke kwenye mwinuko. Yote niliyosema kuhusu magurudumu mepesi ni ya gari la mbio, usiyapeleke huko.

Kazi ya mwisho, na isipofanyika zile nyingine zote ni bure, ni springi. Zilichaguliwa kwa uzito wa zamani. Ukitoa asilimia 20 ya uzito unaobebwa, springi zilezile zitatikisa gari kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 12 hivi, na gari litakaa juu kuliko lilivyokuwa. Anza kwa kutoa vipete vinavyobana springi hadi kimo kirudi. Kama haitoshi, weka springi laini zaidi, na ukilainisha springi, mafuta ya silikoni ndani ya shokapu nayo yawe mepesi: kama yalikuwa ya namba 30, jaribu ya namba 25. Kisha inua gari sentimita 20 kutoka sakafuni uliachie likiwa bapa. Likitua na kudunda tena, mafuta ni mepesi mno. Likitua kwa mlio wa chasi kugonga sakafu kwa nguvu, springi ni laini mno. Linatakiwa lishuke, liguse kidogo au lisiguse, lipande hadi kimo chake mara moja na kutulia hapo. Fanya hivyo mbele na nyuma kila upande peke yake, maana hazikupungua sawa.